Mezani Hatuli Kompyuta

Siku Mkurugenzi wa kiwanda cha mikate alipowaalika wenye maduka waje kuuona ubao wake mpya, mtu aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote alikuwa mwanamke mwembamba aliyesimama pembeni ya ukumbi na waya mkononi. Kiwandani walimwita Mama Jumla. Kazi yake ilikuwa kutunza hifadhidata, yaani ile ghala ya ndani ya kompyuta ambamo kila mkate una habari zake: umepakiwa gari gani, umeshushwa duka gani, umeuzwa au umerudishwa. Ubao wenyewe ulikuwa skrini pana iliyotundikwa ukutani. Aliutengeneza yeye, na leo ulikuwa unakwenda ama kumpa sifa ama kumvua nguo mbele za watu.

Ubao wa zamani ulikuwa wa kizee. Mkurugenzi ana maswali yake yale yale kila siku: duka gani linaongoza, gari gani limechelewa, mikate mingapi imerudi. Ili asisubiri, majibu huandaliwa mapema yakawekwa tayari, naye akiuliza anapewa lililopo. Shida ilikuwa kuyaandaa. Kila alfajiri kompyuta ilianza upya kabisa, tangu mkate wa kwanza uliookwa na marehemu baba yake Mkurugenzi, ikaja nao mmoja mmoja mpaka wa jana, na ilipomaliza jua lilikuwa limeshapanda na majibu yameshachacha. Mama Jumla alilitafuna jambo hilo msimu mzima wa mvua. Dawa aliyoipata ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitengeneza: jumla ya jana unayo, ya nini kuhesabu tena yote? Chukua kilichobadilika tu. Mkate umeshushwa, ongeza. Umerudi, punguza. Sasa jibu lililokuwa likila asubuhi nzima lilikuja kabla hujapepesa jicho, na Mama Jumla aliuonea ubao huo fahari ambayo hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

"Dereva akishusha mkate dukani kwako na kubonyeza simu yake," Mkurugenzi aliwaambia wageni, huku akipapasa meza kutafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake, "hapa tunaona pale pale. Si kesho, si saa ijayo. Pale pale."

Wageni walitazama, wakitafuna mikate ya bure. Kila gari lilikuwa na mstari wake, na mistari ilikuwa ikipanda kidogo kidogo kila duka lilipopata mkate. Watu wakaguna kwa kuridhika. Mstari mmoja tu ulikuwa umelala chini kama umelogwa, nao ni wa gari la saba. Mama Jumla alianza kujikuna shingo, kwa sababu dereva wa gari la saba alikuwa mumewe.

"Samahani, mama Mkurugenzi," akasema mwenye duka la kona, mzee wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. "Gari la saba si ndilo linaloleta mikate kwangu?"

"Ndilo."

"Basi ubao wako unasema sijapata hata mmoja. Mimi nimefungua nayo duka! Rafu imejaa tangu alfajiri, mke wangu anauza saa hizi."

Watu wakacheka. Mkurugenzi akamgeukia Mama Jumla bila kucheka. "Vipi hapo?"

"Nadhani ni mtandao," akajibu Mama Jumla, na hilo ndilo jibu la watu wote wa kompyuta wasipojua jibu.

Hakuwahi kumaliza kulisema vizuri, mstari wa gari la saba ukaruka. Duka la kona, duka la darajani, duka la hospitali, maduka yote ya ng'ambo ya mto, yote yakapata mkate kwa pumzi moja.

"He! Hilo gari lina mabawa?" akauliza mwenye duka la kona, na safari hii watu walicheka mpaka makombo yakawatoka midomoni. Mkurugenzi naye ikabidi acheke, kwa meno tu.

Wageni walipoondoka alimwita Mama Jumla ofisini, ghorofa ya juu.

"Ama mashine yako ni mwongo, ama mumeo ni mwongo," alisema. "Kama ni mashine, ing'oe. Turudi kwenye ule ubao wa kizee, nami nitawaita wale wataalamu wa nje wanaovaa tai. Wewe utarudi chini kuchapisha lebo. Kama ni mumeo, anirudishie ufunguo wa gari. Kesho nikinywa chai ya asubuhi nataka jibu moja. Usiniletee mtandao."

*

Nyumbani nako kulikuwa na majibu yaliyowekwa tayari, tena ya siku nyingi. Mgeni akimuuliza mama mkwe wake Mama Jumla, "Mkweo jikoni vipi?" jibu lilikuwa limeshaiva: "Huyu? Chai yake maji ya moto." Lilihesabiwa wiki ya harusi, kwa kikombe kimoja alichokipika bibi harusi, na tangu hapo hakuna aliyelirudia kuliangalia. Mama Jumla naye alikuwa na lake: "Mama ana miguu mibaya." Mama mkwe alianguka bafuni zamani kidogo, akalazwa, akarudi na mkongojo. Kuanzia hapo vyombo, maji, ufagio na nguo vilimsubiri Mama Jumla atoke kazini, na kila jioni alimchua mama mkwe miguu yote miwili kwa dawa yenye harufu ya kutoboa pua.

Jioni hiyo walikaa kula watatu: mama kwenye kiti chenye mto, Dereva katikati, na Mama Jumla karibu na jikoni ili ainuke upesi akiagizwa.

"Leo umeniaibisha," Mama Jumla alimwambia mumewe. "Mbele ya maduka yote."

"Mimi? Mikate ilifika. Waulize wenyewe."

"Najua ilifika. Kwa nini hubonyezi simu pale dukani? Unabonyezea wapi maduka yote kwa mkupuo?"

Dereva alimtazama mama yake, mara moja tu, kisha akayarudisha macho kwenye sahani. "Unajua, ile simu asubuhi..."

"Mezani hatuli kompyuta," akasema mama.

Hiyo ilikuwa sheria yake. Aliitunga siku Mama Jumla alipojaribu kueleza anafanya kazi gani na chakula kikapoa. Tangu hapo mezani waliruhusiwa kuzungumzia majirani, magonjwa na bei ya mkaa tu.

"Mama, hili ni la kazi yetu sote wawili," Mama Jumla akasema.

"Aah! Mguu!" mama akalia, akaushika mguu kwa mikono miwili. "Huu mguu utaniua mimi. Mkwe, niletee ile dawa."

Mama Jumla akainuka kuleta dawa. Alikuwa ameyaona yale macho ya Dereva yakikimbia, na moyo wake ukafika mbali. Mwanamume asiyetaka kusema yuko wapi asubuhi, akiwa na gari, na kila siku saa zile zile. Alimchua mama mkwe miguu kwa nguvu kuliko kawaida, mpaka mama akapiga kelele za kweli.

Baadaye alipokuwa anaanua nguo uani, dirisha la chumba cha mama likiwa wazi juu yake, Dereva alimfuata taratibu.

"Mke wangu. Hiyo mashine yako huwezi kuipunguza mbio kidogo? Gari langu tu. Nikibonyeza yote pamoja, iyagawe gawe, yapande polepole kama ya wenzangu."

"Naweza," alisema. Alishafikiria hilo tangu njiani. Lilikuwa jambo la mistari michache, na hakuna mtu kiwandani ambaye angeligundua. "Naweza kabisa. Uko wapi asubuhi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

Dereva akamtolea shati kwenye kamba, akalikunja vibaya, akampa. "Niamini tu."

"Mimi nimetengeneza kitu cha kusema ukweli," akasema Mama Jumla kwa hasira na kwa uchungu. "Cha kwanza katika maisha yangu ambacho watu walisimama kukitazama. Halafu nikifundishe uongo kwa ajili ya safari zako? Toka hapa, unanikunjia nguo vibaya."

*

Asubuhi aliaga mapema, akasema anawahi kurekebisha mashine. Hakwenda kwenye mashine. Alikwenda kwenye uwanja wa kupakia, akamtafuta mpakiaji wa gari la saba, kijeba mmoja mfupi wa mabega mapana aliyekuwa anamwonea huruma tangu jana, akamwambia anachotaka.

"Ndani? Na mikate?" kijeba akauliza.

"Na mikate."

"Shemeji, ukigunduliwa mimi sikukuona."

Akampangia nafasi mbele kabisa ya boksi la gari, mgongo kwenye ukuta wa dereva, akamwekea gunia la kukalia, kisha akamjengea ukuta wa kreti mpaka juu. Dereva akaja, akafunga mlango kwa nje, gari likaondoka. Mama Jumla alikuwa gizani, amezungukwa na joto na harufu ya mkate, magoti yamegusa kidevu. Alifungua ubao kwenye simu yake. Gari la saba: sifuri.

Duka la kwanza, mlango ukafunguliwa, kreti zikatoka. "Mikate hiyo, mzee!" "Asante, kijana!" Mlango ukafungwa. Sifuri. Duka la pili, sifuri. La tatu, sifuri. Kitu ambacho Mama Jumla hakukipigia hesabu, pamoja na kuwa kazi yake ni hesabu, ni kwamba kila duka lilikuwa likimwondolea sehemu ya ukuta wake. Kufikia duka la hospitali alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kreti zilizobaki, pua imezama kwenye gunia, akimwomba Mungu watu wa hospitali wasiagize za ziada.

Kisha gari likasimama mahali pasipo na sauti ya duka. Mlango wa mbele ukafunguliwa, na mtu akarukia kiti cha abiria. Aliruka kweli, kwa wepesi, hata gari likacheza. Mama Jumla akakaza meno. Alikuwa ameshamwandalia huyo mwanamke maneno ya kumwambia, na yalikuwa maneno makali sana.

Ndipo harufu ikapenya kwenye kitundu cha ukuta. Dawa ya kuchua.

"Ondoa gari, mwanangu, nimechelewa," ikasema sauti ya mama mkwe. "Yule seremala wa vitanda anajitapa ati leo ananifunga drafti bila hata kupata kingi. Leo nitamla kete zote, abaki anatazama ubao mtupu."

"Mama, leo tungekaa tu. Mambo yameharibika. Ubao wa mke wangu unaona kila kitu."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Si ulinilisha kiapo?"

"Vizuri. Siku akijua nina miguu, nitaosha vyombo mpaka kiama." Gari likatembea kidogo. "Kwani kazini watamfanya nini?"

"Nani?"

"Mkeo, mjinga wewe. Nilikusikieni dirishani."

"Atarudishwa kuchapisha lebo. Au mimi ninyang'anywe gari. Mmoja wetu."

Mama akaishusha sauti. "Huo ubao ni wake? Kautengeneza yeye?"

"Yeye."

"Na nani?"

"Peke yake, mama. Walisema haiwezekani."

"Mimi nilidhani anachapa barua," mama akasema taratibu.

Nyuma ya ukuta, Mama Jumla hakujua acheke au alie. Alikumbuka jioni zote alizochua miguu ile. Alikumbuka ndoo za maji. Lakini pia alikuwa ametua mzigo mkubwa, maana mwanamke aliyekuwa akimwogopa ana mvi kichwa kizima. Katika kuchanganyikiwa huko alinyofoa mkate ulio karibu akaanza kuula.

*

Gari lilisimama mara ya mwisho kwenye karakana ya maseremala. Mlangoni mwake palikuwa na kibanda cha chai, na kreti ya mwisho ilikuwa ya kibanda hicho. Dereva akafungua nyuma, akaingia, akainyanyua kreti, na nyuma yake alikuwa amekaa mkewe, shavu limejaa.

"Habari za kazi?" Mama Jumla akasema.

Kreti ikaanguka. Kule karakanani, mama mkwe alikuwa akivuka rundo la mbao, mguu mmoja hewani, mkongojo kwapani kama mwavuli siku ya jua. Akageuka kwa kelele ile.

"Mkwe!" akasema. Kisha akakumbuka kuchechemea, ila kwa haraka ile akachagua mguu ambao siku zote alisema ndio wenye nafuu.

Maseremala wakaacha randa. Mchezo wa drafti ulikuwa umeshapangwa juu ya kipande cha mlango, vizibo vya soda vimetazama juu upande mmoja na chini upande wa pili.

"Ni mguu wa kushoto, mama," Mama Jumla akamsaidia. "Wa kulia ndio wenye nafuu." Kisha akamgeukia mumewe. "Nawe nieleze. Umemaliza maduka yote na hujabonyeza hata moja. Kwa nini?"

"Simu inagoma asubuhi!" Dereva akajitetea. "Ukibonyeza inazunguka, inazunguka, mwenye duka amekukodolea macho. Madereva wote tulikuwa tunasubiri mpaka ile hesabu yenu ya kizee iishe, ndipo tunabonyeza yote pamoja. Sasa mtu umemaliza kazi, umekaa bure unangoja simu ifunguke. Nikaona nimlete mama anyooshe miguu."

"Ilikuwa inagoma," akasema Mama Jumla polepole, kwa kuwa ndio kwanza anaelewa. Ule ubao wa kizee ulipokuwa unahesabu ulifunga mlango wa ghala, na anayetaka kuingiza mkate akasubiri nje. Madereva walilalamika siku nyingi, naye siku zote aliwajibu kwamba ni mtandao. Uso ukamwaka kwa aibu. "Lakini sasa haigomi! Hesabu mpya haifungi mlango. Nimetuma tangazo kwenye kundi la madereva: bonyeza pale pale unaposhusha. Wenzako wote wanafanya hivyo tangu wiki iliyopita."

"Lile kundi nimelinyamazisha."

"Umelinyamazisha kwa nini?"

"Si wewe ndiye unayetuma? Nikasema kama ni la maana nitaambiwa nyumbani."

"Nyumbani ningekuambia saa ngapi? Mezani hatuli kompyuta!"

Wote wawili wakamgeukia mama. Mama akawa na shughuli ya kupangusa vumbi la mbao kwenye gauni.

Dereva akatoa simu, akabonyeza kibanda cha chai. Ikalia mlio mmoja, imekubali, mara hiyo hiyo. Akaitazama kama mtu aliyerudishiwa pochi aliyoipoteza. "Kumbe," akasema. Kidole kikawa kinaelekea kwenye maduka mengine.

"Usiguse," Mama Jumla akasema. "Yakiruka tena atadhani mashine ina wazimu. Nakwenda kumweleza ilivyo."

"Atanitoa kwenye gari. Kubeba abiria ni marufuku."

"Najua," akasema, na ilimuuma kusema hivyo kwa sababu alikuwa akimpenda, hata na shati lake lililokunjwa vibaya. "Ungeniambia jana uani, tungekwenda wote wawili asubuhi tumkabili. Sasa nimebaki na ukweli tu."

Mama mkwe akasonya, akatupa mkongojo juu ya mbao.

"Basi panda, wote pandeni. Abiria ni mimi, nitajieleza mwenyewe." Akamnyooshea kidole seremala wa vitanda. "Na wewe, usiguse hivyo vizibo. Nimevikariri."

*

Ngazi za kwenda ofisini zilikuwa kali. Mama alitangulia, na alipofika juu ikabidi amsubiri mkwewe aliyekuwa akihema.

"Unahitaji mazoezi," akamwambia.

Mkurugenzi alikuwa ndio kwanza anakoroga chai. Aliwatazama mmoja mmoja: dereva wake ameinamisha kichwa, mtunza hifadhidata wake ana makombo ya mkate kwenye nywele, na bibi mmoja asiyemjua ameshavuta kiti na kukaa.

"Mashine haikosei," Mama Jumla akaanza, akaeleza yote: mlango wa ghala uliokuwa ukifungwa, simu zilizokuwa zikigoma, tangazo ambalo halikufika. "Mikate ilifika kwa wakati siku zote, ila taarifa zake zilichelewa. Na hapo kosa si la mume wangu peke yake. Mimi niliwaambia madereva wote kwa simu, huyu ninayekula naye sikumwambia kwa mdomo."

"Na hiyo saa ya kusubiri simu alikuwa wapi?"

"Alikuwa na mimi," akadakia mama. "Nilipanda gari lako bila nauli, mwanangu, tena kila siku. Nacheza drafti. Nyumbani nilisema siwezi kutembea."

Mkurugenzi aliinua mikono kupapasa miwani, akaikuta, akaivaa ili amwone vizuri. "Kwa nini ulisema huwezi kutembea?"

Mama aliitazama miguu yake. "Mwanzoni nilikuwa siwezi kweli. Halafu nikapona, na kila mtu alikuwa ameshazoea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezoea kuliko wote."

Mkurugenzi akageuza kijiko kwenye chai, muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Bibi, wewe unaishi na huyu mkweo. Ananiambia ubao wake nisiutilie shaka. Nimwamini?"

Mama Jumla alitazama sakafu. Alijua jibu lilipo, na alijua linavyotoka upesi. Hata mama mwenyewe alionekana kulisikia likipanda kooni, akalimeza.

"Mpaka jana ningekujibu haraka," mama akasema. "Leo sina jibu lililoiva. Ninachokijua ni kwamba mwanangu alimwomba aufundishe ubao uongo, nami nikiwa dirishani nasikia. Uwezo huo alikuwa nao na hakuna ambaye angejua. Akaona bora aingie kwenye boksi la mikate. Sasa wewe amua."

Mkurugenzi akaamua, na hakuwa na huruma ya kuzidi. Ubao ubaki. Mama Jumla aache kujibu watu kwamba ni mtandao kabla hajaenda kuangalia. Dereva arudishe ufunguo mpaka mwisho wa mwezi, apakie kreti, na gari la saba lishikwe na yule kijeba mpakiaji, ambaye alipopewa habari aliapa kwamba hakumwona mtu yeyote ndani ya mikate, ingawa hakuna aliyemuuliza. Dereva akaweka ufunguo mezani. Mkono wake uliuachia kwa shida, na mkewe akaushika mkono huo mbele ya Mkurugenzi bila kujali.

*

Jioni hiyo Dereva alirudi na mgongo unamuuma, akajilaza kwenye kiti chenye mto, na hakuna aliyemwinua. Habari za bibi aliyepanda ngazi zilikuwa zimeshafika mtaani, na jirani mmoja alipita "kuwajulia hali tu", macho yakiwa kwenye miguu ya mama. Mama Jumla alileta chai. Hakuna aliyesema neno kuhusu miguu, kwa hiyo jirani akajaribu kuingilia mlango mwingine.

"Na mkweo huyu, chai yake bado ni ile ile?"

Mama alishafungua mdomo. Ukabaki wazi hivyo, kisha akaunyanyua mkono.

"Ngoja nionje kwanza," akasema.

Akanywa. Akaizungusha mdomoni, akatazama dari, akameza. Dereva aliacha kulalamika mgongo. Mama Jumla alisimama na sinia mkononi, akajichukia kwa kuwa na wasiwasi ule ule wa jana ukumbini kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

"Maji ya moto," mama akatangaza.

Jirani akacheka. Mama hakucheka. Akaweka kikombe chini, akainuka bila kushika kitu, akaenda jikoni kwa miguu yake miwili, na ikasikika sufuria ikirudishwa motoni na kopo la majani ya chai likifunguliwa.

"Mkwe!" akaita. "Njoo hapa uone inavyopikwa. Na hiyo kompyuta yako ndiyo inafanyaje hasa? Njoo unieleze tangu mwanzo."

Mama Jumla akasita mlangoni, sinia bado mkononi.

"Njoo, bwana," mama akasema. "Hapa si mezani."